Tulimwongezea Mufasa Maneno

Wiki hii zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa Kuluva, na tumeamua kuandika juu ya filamu. Msicheke. Ni filamu ya katuni, ya watoto na familia, lakini imetufundisha kitu ambacho hatukukitegemea, na sehemu yake ni kosa letu wenyewe. Tunaandika ili asirudie mwingine.

Wanaojua kituo cha Kuluva wanajua maisha yake. Ni mahali pa kupita. Mtu anavuka mpaka kutoka upande wa Aru au Mahagi, analetwa hapa kusini mwa mji wa Arua, anaandikwa, anapimwa, anapewa chakula, anangoja siku jina lake litasomwa apande basi kwenda kwenye kiwanja. Wengine wanakaa siku chache, wengine wanakaa mpaka wanajua kila mbwa wa jirani. Watu wazima wanangoja kwa kuzungumza. Watoto hawajui kungoja. Kazi yetu sisi volontia, pamoja na kubeba sufuria na kupanga foleni, ni kuwapa watoto kitu cha kufanya kabla giza halijaingia na mawazo pamoja nalo.

Basi tukaazima projekta, tukaazima shuka nyeupe kwa mama mmoja (alituapiza tusiichafue), tukachanga mafuta ya jenereta. Filamu ilitufikia kwenye flashi, na hatukuuliza sana ilipitia wapi. Ilikuwa Mufasa: The Lion King, ile iliyotoka Desemba 2024, iliyoongozwa na Barry Jenkins. Kabla yake kulikuwa na The Lion King ya kuchorwa ya mwaka 1994, halafu ile ya 2019 iliyotengenezwa kwa kompyuta mpaka simba wanaonekana wa kweli kabisa. Hii mpya inarudi nyuma na kusimulia Mufasa alitoka wapi kabla hajawa mfalme.

Tulikuwa na shauri la filamu nyingine pia. Katika mkusanyo wa Kizazi Moto wa mwaka 2023, wenye filamu fupi 10 kutoka nchi sita za Afrika, mna moja ya Mganda Raymond Malinga, inaitwa Herderboy, ya mtoto anayetaka kuwa mchunga ng'ombe katika Uganda ya siku zijazo. Sisi wenyewe tunaipenda. Lakini mmoja wetu akasema, "Bana, kumbukeni watu wametoka Ituri juzi." Tukanyamaza. Kwetu, neno mchungaji wa ng'ombe na neno mkulima ni maneno ya kuchagua mahali pa kuyasema. Filamu inaweza kuwa nzuri na watazamaji wakawa na kidonda ambacho mtengenezaji hakukijua. Tukachukua simba, kwa sababu tulifikiri simba hawana kabila.

Hapo njo tulianza kukosea hesabu. Tulifikiri simba ni hadithi ya mbali. Sikilizeni hadithi yenyewe: mtoto anaishi na baba na mama wakati wa ukame. Wanamwambia kuna nchi nzuri mbele, inaitwa Milele. Mafuriko yanakuja, maji yanambeba, anapotezana na wazazi. Anaokotwa na mtoto mwingine wa kundi la kigeni, anaitwa Taka. Mfalme wa kundi hilo, baba yake Taka, hataki mgeni. Mama yake Taka anampokea. Baadaye wanakuja simba weupe wenye vita, na wale vijana wawili wanatoroka kwa miguu, mbali sana, wakitafuta Milele.

Tumeandika hivyo kwa mistari michache, na nyinyi mnaosoma mmeshaelewa tulichokuwa tumebeba kwenye ile flashi. Sisi wakati ule hatukuelewa. Tuliona simba tu.

Shida ya kwanza ilikuwa lugha. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na watoto wetu wanazungumza Kiswahili, Kilugbara, Kialur, Kilendu, Kihema, Lingala. Mmoja wetu akashika maiki akawa vijei. Wote tumekulia kwenye vibanda vya video, tunajua kazi hiyo. Uganda wana VJ Junior na VJ Jingo, Kenya wana DJ Afro, Tanzania walikuwa na Lufufu. Vijei hatafsiri tu. Anaongeza chumvi, anataja majina ya mtaa, anamtukana adui, anacheka kabla watu hawajacheka. Mtazamaji analipia hiyo chumvi. Vijei akitafsiri neno kwa neno, watu wanaomba hela yao warudishiwe.

Shida ya pili, ambayo tuliitegemea, haikutokea. Tulidhani wakubwa kati ya watoto, wa miaka 12 au 13, watasema simba hawazungumzi. Hakuna aliyesema. Simba kuzungumza, nyani kusimulia, ngiri kufanya mzaha, hayo yote walimeza kama maji. Nani kwetu hakukua na hadithi za sungura na fisi? Mnyama kusema ni kanuni ya hadithi, na mtoto anaikubali mlangoni kama anavyovua viatu.

Walichokataa ni vingine kabisa. Kwanza majina. Alipotajwa Taka, kicheko kilianza mbele kikafika nyuma kwa akina mama. "Juu ya nini mama yake alimwita takataka?" Tukasema labda ni ile taka ya kutaka, mtoto aliyetakwa. Msichana mmoja akajibu, "Basi angeitwa Tunataka." Milele nayo ilileta swali: milele ni siku zisizoisha, inakuwaje mahali? Mtoto akatusaidia: "Ni mahali unafika, hawakuhamishi tena." Tuliandika jibu hilo kwenye daftari usiku ule, kwa sababu watu wa filamu walitoa pesa nyingi na hawakuwa na maelezo mazuri hivyo.

Wakauliza pia kama simba weupe ni Wazungu. Tukawaambia simba weupe wako kweli, wanajulikana kutoka Timbavati kule Afrika Kusini, ni simba wa kawaida waliozaliwa na rangi hiyo kutoka kwa wazazi wao. Hawakuridhika sana, lakini waliacha.

Halafu wakakataa jambo la mashindano. Katika filamu, mfalme anasema Mufasa akimshinda Taka mbio atabaki, na Taka mwenyewe anamsaidia rafiki yake ashinde. Kijana mmoja akainua mkono kama yuko darasani: "Yaya, hiyo haiwezekani. Mbio moja tu, wanamwachia akae? Karatasi iko wapi?" Watu wazima walicheka mpaka vijei akakosa nafasi ya kuendelea. Tulicheka na sisi. Lakini fikirieni: mtoto wa miaka 10 anaamini simba anaimba, haamini kwamba mgeni anaweza kupokelewa bila karatasi. Kila mtu anapima hadithi kwa kipimo cha maisha yake. Mtoto wa Kampala hapo asingeona kasoro yoyote.

Mzee mmoja wa upande wa Faradje, karibu na mbuga ya Garamba, ndiye aliyetetea filamu. Alisema kwamba simba anapokea. Na ni kweli, tulisoma baadaye kwa simu. Watafiti wanaofuatilia simba wa Serengeti tangu mwaka 1966 wameona simba jike wakinyonyesha watoto wa wenzao, na madume wasio ndugu wa damu wakiungana wawili au watatu, wakaishi na kupigana pamoja kama ndugu. Kwa hiyo Mufasa na Taka kuwa ndugu bila damu siyo uongo wa sinema. Lakini mzee akaongeza na lile lingine: dume mpya akishika kundi, anaua watoto wa yule aliyetangulia. Akina mama wakamwambia, "Papa, hilo usiwaambie watoto." Akanyamaza.

Na nyuso. Mama aliyetuazima shuka alisema hawa simba wanaonekana wa kweli mno, ndiyo maana haoni kama wanalia. Alikuwa ameona ile ya zamani ya kuchorwa, huko Bunia, ambapo Simba mdogo aliangusha machozi juu ya baba yake. "Ile ilikuwa karatasi tu, lakini nililia. Hii ni simba kabisa, na silii." Hata mwaka 2019 watu wengi duniani walilalamika hivyo, kwamba uso wa simba wa kweli haubebi huzuni ya mtu. Sisi tulijifunza hapo kwamba kufanana na kweli ni kitu kimoja, kuaminika ni kitu kingine. Kuna watu hapa kambini wanaosimulia yaliyowapata bila chozi hata moja, uso mkavu kama wa simba, na msikilizaji anaanza kuwa na mashaka. Kuna wengine wanalia vizuri. Wageni wakija na kamera wanamtafuta anayelia. Na sisi wenyewe, tuseme ukweli, tumewahi kumwonyesha mgeni njia ya kwenda kwa yule anayelia, kwa sababu tulijua mgeni anategemea nini.

Aliyetushangaza zaidi ni bibi Mlugbara wa hapa jirani, ambaye anauza mihogo na huwa anakuja kukaa na akina mama. Yeye hakuwa mgeni wa filamu tu, alikuwa mwenyeji wa ardhi. Kijana aliposema haiwezekani kupokelewa hivyo, bibi akaomba atafsiriwe, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha zamani: "Mimi nilipokelewa." Akaeleza kwamba Amin alipoanguka mwaka 1979, na hasa mwaka 1980 wanajeshi walipokuja kulipiza kisasi, watu wa West Nile walikimbia karibu wote, wengine Sudan, wengine Zaire. Yeye alikuwa msichana. Walivuka kwenda upande wa Aru, na mwanamke ambaye hawakuwa na undugu naye aliwapa nyumba ya nyuma na shamba la karanga kwa miaka mitatu. "Hakuuliza karatasi. Hakuuliza na mbio." Watoto walimwangalia yeye kuliko shuka. Kumbe kile walichokiona cha uongo kwenye filamu kilikuwa kimekaa pembeni yao kikimenya mihogo.

Tungeishia hapo, makala ingekuwa tamu. Haikuishia hapo.

Mwishoni, wasioiona watusamehe kwa kuwafunulia, Mufasa anafika Milele, na baada ya vita anamkuta mama yake. Mama hakufa. Alitangulia kufika. Wakati huo ilikuwa saa tatu za usiku, jenereta inakohoa, watoto wadogo wamelala kwenye mapaja. Walioko macho walikuwa kimya. Vijei wetu alihisi ukimya huo. Mtu yeyote aliyewahi kushika maiki anajua: ukimya ule unakuomba kitu. Unajua kabisa wanachotaka kusikia. Naye akawapa. Alisema kwa sauti nzito ya kibandani, "Na hivi ndivyo kila mtoto aliyepotea atamkuta mama yake. Anamngoja kule kule mnakokwenda!"

Wakapiga makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Na sisi wote tuliokuwa pembeni tulipiga makofi pia, ndiyo maana tunasema kosa ni letu na siyo la mmoja. Maneno hayo hayamo kwenye filamu. Tulimwongezea Mufasa.

Asubuhi yake kulikuwa na basi. Kijana mdogo wa miaka kama minane, tutamwita Kadogo, jina lake halikuwa kwenye orodha. Alikuja peke yake, alipotezana na mama yake usiku wa kukimbia, akavushwa na majirani. Tulimkuta amesimama kwenye foleni, amefunga blanketi lake kwa kamba, amenawa uso, amepaka mafuta aliyoomba kwa mtu. Tukamwambia, "Kadogo, leo si siku yako." Akasema, "Mimi naenda Milele. Mama iko kule. Yaya alisema na maiki."

Hatujui kama tunaweza kuwaeleza jinsi tulivyojisikia. Hakulia. Alikuwa na furaha, hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Alituangalia kama watu waliomletea habari. Basi lilikuwa linaunguruma, watu wanaita majina, na sisi watatu tumesimama mbele ya mtoto mmoja hatuna neno.

Mmoja wetu alitaka kumwambia, "Ndiyo, utaenda wiki ijayo." Ingepita. Angerudi kulala na tumaini lake, na wiki ijayo lingekuwa la mtu mwingine kule kiwanjani. Tulitazamana. Halafu yule yule aliyekuwa vijei alikaa chini kwenye vumbi, wakawa sawa kwa kimo, akamwambia, "Kadogo, jana usiku nilisema uongo. Filamu haikusema vile. Filamu ilisema Mufasa alimpata mama yake. Haikusema wewe. Mimi sijui mama yako iko wapi."

Mtoto akauliza, "Amekufa?"

"Sijui. Hakuna mtu hapa anajua. Lakini kuna watu kazi yao ni kutafuta, na leo tunaenda kwao pamoja."

Ndipo alilia. Alilia kwa muda mrefu, akampiga mwenzetu kifuani kwa ngumi, na mwenzetu akaacha apige. Kisha tukaenda wote wanne kwa watu wa ulinzi wa watoto. Msalaba Mwekundu wana kazi ya kutafuta jamaa waliopotezana: wanaandika jina la mama, jina la kijiji, majina ya majirani, nani alionekana mwisho na wapi, na wanauliza kwenye vituo vingine na ng'ambo ya mpaka. Kadogo alitakiwa kusimulia. Na hapo tuliona ajabu nyingine. Alisimulia vizuri kuliko wakubwa wengi, kwa sababu alikumbuka vitu vidogo: kitenge cha mama kilikuwa na samaki, mbuzi walikuwa wawili, mama alirudi ndani kuchukua sufuria. Hakuna sinema ingeweka sufuria mahali hapo. Mwandishi yeyote angemrudisha mama ndani kuchukua picha ya familia au Biblia. Lakini kila mtu aliyekimbia anajua kwamba ni sufuria, na yule aliyekuwa anaandika aliacha kalamu kidogo akamtazama.

Mpaka tunapoandika hili hakuna habari ya mama. Kadogo bado yuko chini ya uangalizi wa familia moja iliyojitolea kumlea kwa muda, watu wa kijiji cha jirani na kwao. Anatusalimia. Ilichukua siku kama tano kabla hajamsalimia vijei.

Tulikaa kikao baada ya hapo. Wengine walisema tuache filamu kabisa, tuonyeshe mpira. Wengine walisema hapana, bibi wa mihogo asingesimulia yale bila filamu, na watoto wamecheza Mufasa na Taka wiki nzima, wamegawana kuwa Eshe, mama anayepokea, mpaka wanagombania nafasi hiyo. Tukakubaliana mambo matatu. La kwanza, vijei anaruhusiwa chumvi kwenye mzaha, kwenye mbio, kwenye mapigano, lakini filamu ikigusa mama, baba, nyumbani au kurudi, anatafsiri kilichosemwa basi. La pili, tunasimamisha jenereta kabla ya mwisho, tunauliza watoto, "Mnadhani itakuwaje?" na tunawaachia waseme. La tatu, baada ya filamu tunakaa nao nusu saa, hakuna kuwafukuza wakalale na mwisho wa filamu kichwani peke yao.

Tuliionyesha tena kwa kundi lingine. Tulipouliza itakuwaje, wengi walisema mama amekufa. Mmoja akasema yuko hai lakini hatamtambua, kwa sababu amekuwa mkubwa. Filamu ilipoonyesha kwamba alimkuta, hawakupiga makofi. Waligeuka wakatuangalia. Vijei akasema tu, "Katika hadithi hii, alimpata." Msichana mmoja akajibu kwa sauti ndogo, "Sawa. Yeye alipata." Akaendelea kuangalia mpaka majina yote ya watengenezaji yakaisha, na ni mengi.

Hatusemi watu wa filamu walikosea kumrudisha mama. Filamu ya familia inategemewa imalizike hivyo, na sisi pia tungekasirika ingemalizika vingine. Wao walimuahidi Mufasa peke yake, na wakatimiza. Sisi ndio tulichukua ahadi ya simba tukaigawa kwa watoto wa watu, bila kuwa na kitu mfukoni.

Tunawauliza ninyi mlioko viwanja vingine: mnawaonyesha watoto nini, na mwisho ukifika mnasema nini? Na wale ambao walikuja peke yao wakiwa wadogo, sasa ni wakubwa na wako kwenye grupu hii, tunajua mpo: mlitaka kuambiwa nini wakati ule? Andikeni hapa chini, hata kwa sauti kama kuandika kunawachosha. Kadogo akikua atasoma grupu hii, na tungependa akute tulijaribu kumjibu.

Sisi wenu, volontia wa Kuluva.